NIPIGIE SAA YOYOTE: JE, ANAYEJITOLEA ANA DENI?

Masomo ya wiki: Mhubiri 5:4–5, Mathayo 21:28–31, Nehemia 4:15–22



Wiki hii nataka tutafakari neno ambalo hapa kanisani tunalitumia kila Jumapili bila kulipima: kujitolea. Mwimbaji asipokuja mazoezi, tunasema, si amejitolea tu. Mwalimu wa watoto akichelewa na watoto wamejaa uani, tunasema, usimseme, halipwi. Swali langu ni hili: mtu akishajitolea kwa hiari yake, bila mshahara, je, ana deni? Ama kwa sababu alianza bure, anaweza pia kuacha bure, siku yoyote, bila kuulizwa?

Swali hili lilinijia kwa simu. Rafiki yangu tuliyesoma naye digrii ya biashara anaishi siku hizi katika mji mdogo jimbo la Pennsylvania, Marekani. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Miezi michache iliyopita tulikuwa tunaongea, kwake ikiwa jioni na kwangu usiku wa manane, tukicheka mambo ya chuo. Mara nikasikia kifaa kikilia kwa ukali, halafu sauti ya mwanamke ikitaja barabara na namba ya nyumba. Jamaa akasema, "Pasta, nitakupigia," akakata. Hata hakungoja niseme sawa.

Alinipigia kesho yake. Kumbe amejiunga na zimamoto ya kujitolea ya mji wao. Kile kifaa ni peja, anatembea nacho kiunoni, analala nacho kando ya kitanda. Kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nikamuuliza wanamlipa pesa ngapi. Akacheka. "Hawanilipi kitu." Nikamuuliza, "Na usipoenda?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nisipoenda, Pasta, nani ataenda?"

Nilianza kusoma habari za watu hawa, na nilichokipata kimenifundisha kuliko mahubiri mengi, yangu yakiwemo.

Wengi wetu tukisikia Marekani tunafikiria miji mikubwa yenye wazima moto wa mshahara. Hiyo ni New York na Chicago. Kwenye miji midogo na mashambani mambo ni tofauti. Kwa hesabu ya mwaka 2020, Marekani ilikuwa na wazima moto zaidi ya milioni moja, na karibu 677,000 kati yao, yaani kama watu 65 katika kila 100, walikuwa wa kujitolea. Ni mafundi, wakulima, walimu, madereva wa malori, wenye maduka. Peja ikilia, fundi anaacha gari likiwa juu ya jeki, mkulima anaacha ng'ombe, kila mtu anakimbilia kituoni. Kule Pennsylvania wengine huweka taa ya samawati kwenye gari lao binafsi. Taa hiyo haiwapi ruhusa ya kuvunja sheria za barabarani. Ni ya kuomba tu: tafadhali nipishe, kuna jirani yetu ana shida.

Na si kazi ya kukimbia na ndoo. Katika majimbo mengi mafunzo ya msingi yanapita saa 100, na wanayafanya jioni na wikendi baada ya kazi zao. Wanafundishwa kuvaa mtungi wa hewa mgongoni na kutambaa ndani ya nyumba iliyojaa moshi. Mashambani hakuna mabomba ya zimamoto kando ya barabara, kwa hivyo maji yanaletwa kwa malori. Wanatandaza bwawa la turubai karibu na moto, lori linamwaga maji humo, linarudi mtoni kuchota, na lingine linafika. Lori moja likikosa dereva, maji yanakatika. Pesa za vifaa na mafuta, kiasi zinatoka kwa serikali za mitaa na kiasi wanachangisha wenyewe: wanauza kuku wa kuchoma, wanapikia mji mzima chapati za maji asubuhi, wanachezesha bingo. Sisi tungeita harambee.

Tena miito mingi si ya moto. Ni nyanya ameanguka bafuni, ni ajali ya barabarani, ni king'ora cha moshi kilicholia kwa sababu mtu ameunguza mkate. Mtu anaamka saa nane usiku kwa ajili ya mkate ulioungua, na saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa kazini.

Desturi hii ni ya zamani. Mnamo Desemba 1736, mjini Philadelphia, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha Union Fire Company, kundi la watu wapatao 30. Kila mmoja alitakiwa kuwa na ndoo za ngozi za kubebea maji, na mifuko ya kuokolea mali ya mwenye nyumba. Walikutana kila mwezi. Na hapa ndipo nilipoacha kusoma nikaweka kitabu chini: aliyekosa mkutano alitozwa faini, na faini hizo zikasaidia kununua mashine za kuzimia moto, ngazi na vifaa vingine. Fikiria hapo. Ni kundi la hiari, hakuna aliyelazimishwa kuingia, lakini ukikosa unalipa. Mtu wa leo angesema, mnanitozaje faini kwa kitu ninachofanya bure?

Nadhani wazee wale walielewa jambo ambalo sisi tumelisahau. Hiari iko mlangoni. Kabla hujaingia, uko huru kabisa, na hakuna mtu ana haki ya kukulaumu. Ukishaingia, watu wanapanga maisha yao wakikuhesabu wewe. Jirani hatafuti ndoo nyingine kwa sababu anajua unayo. Mji hauajiri mtu kwa sababu ulisema utakuja. Kiti ulichokikalia, mwingine hawezi kukikalia. Kwa hivyo hiyo bure yako ina bei, ila usipokuja si wewe unayeilipa. Anailipa yule aliyekutegemea.

Darasani tulifundishwa kwamba deni linaanzia kwenye kupokea: umepokea mali, unadaiwa pesa. Sikufundishwa kwamba kuna deni lingine linaloanzia kwenye neno la mtu. Hilo nilifundishwa na mama mmoja wa kanisa hili.

Wengi mmeiona ile karatasi ya ubaoni, kando ya mlango wa ofisi, yenye kichwa "Usafiri wa Dharura". Ilikuwa na majina saba ya ndugu wenye magari, na namba zao za simu. Jina langu lilikuwa la pili. Siku tuliyoitangaza nilisimama madhabahuni nikasema, nipigieni saa yoyote. Mkapiga makofi.

Usiku mmoja mwaka jana mama huyo, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, aliamka akakuta mume wake ameegemea ukuta, mdomo umepinda, mkono wa kulia haushiki kitu. Alipiga namba nne za ile karatasi. Wa kwanza simu ilikuwa imezimwa. Yangu iliita mara mbili, na sitaki kudanganya mbele za Mungu: mara ya pili niliiona. Nilikuwa nimetoka kwenye kesha usiku uliotangulia. Nikawaza, kuna wengine watano kwenye orodha. Nikailaza simu kifudifudi. Wa tatu alikuwa safarini. Wa nne alikuwa ameshauza gari, na hakuna aliyekumbuka kufuta jina lake. Walifika hospitalini alfajiri, kwa gari la muuza maziwa.

Mzee yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini ule mkono haujarudi. Daktari aliwaambia kwamba kwa kiharusi, kila saa inahesabika. Je, ningeamka mkono ungepona? Sijui, na huenda nisijue hadi siku nitakayomwona Bwana.

Nilipoenda kumwomba msamaha sikumkuta na hasira. Aliniwekea chai, akasema, "Pasta, kama hiyo karatasi haingekuwepo, ningempigia shemeji yangu kwanza. Ana gari, na anakaa stage mbili tu kutoka hapa. Lakini nilijua kanisa liko."

Wapendwa, chai hiyo ilinishinda kumeza. Nilikuwa nimejiambia kwamba, kwa vibaya kabisa, mimi nilikosa kumsaidia tu. Kumbe nilifanya zaidi ya hapo. Jina langu kwenye karatasi lilisimama kati yake na mtu ambaye angekuja. Bila ahadi yangu, angekuwa salama zaidi. Ndipo nikaelewa kwa nini Mhubiri anasema kuhusu nadhiri kwamba kutoweka kabisa ni afadhali kuliko kuweka na kutoitimiza. Zamani niliona ni neno kali. Siku hizi naona ni huruma kwa yule anayengoja.

Sasa najua kuna mtu anasoma akisema, Pasta anataka kutufunga. Zawadi ikidaiwa, si zawadi tena. Watu wana kazi, wana watoto, wana usingizi. Hoja hii ina uzito, na siipiti juu juu. Kule Marekani kwenyewe wazima moto wa kujitolea wanapungua: mwaka 1984 walikuwa karibu 898,000, mwaka 2020 walikuwa chini ya 700,000, huku miito ikiwa imeongezeka zaidi ya mara mbili. Wengi wanafanya kazi mbali na nyumbani, kwa hivyo mchana mji unabaki na watu wachache wa kuitika. Mtu anachoka. Na taasisi, likiwemo kanisa, zina tabia mbaya ya kumpakia zaidi yule anayekubali, kwa sababu hagharimu kitu.

Kwa hivyo lazima niseme upande wa pili wa deni. Anayejitolea anadaiwa, lakini pia anadai. Kuna mji mdogo Texas unaoitwa West, wenye watu wasiofika 3,000. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013 kiwanda cha mbolea kilishika moto. Wazima moto wa kujitolea wa pale, na wenzao wa miji jirani, waliacha meza za chakula wakaenda. Baada ya kama dakika 20 tangu taarifa ya moto kutolewa, mbolea ililipuka. Walikufa watu 15, na 12 kati yao walikuwa wale waliokwenda kusaidia. Wachunguzi wa serikali waliandika baadaye kwamba wazima moto hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kuijua hatari ya mbolea ile. Upendo wao haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni habari na mafunzo, na hayo hayakuwa jukumu lao peke yao. Anayepokea kazi ya bure ya mtu anadaiwa kumwambia ukweli kuhusu hatari, kumfundisha, kumpa vifaa, kumpumzisha, na kumfungulia mlango wa kutoka kwa heshima. Kanisa linalosema "Mungu atakulipa" ili lisinunue hata glavu za wanaofanya usafi, hilo ni kanisa lenye madeni.

Wengine watasema, basi dawa ni rahisi, tuweke malipo na mkataba, kila mtu ajue haki yake. Mimi mwenyewe ningesema hivyo miaka kumi iliyopita. Lakini tazama kilichotokea Tennessee mnamo Septemba 2010. Idara ya zimamoto ya mji wa South Fulton ilikuwa inahudumia watu wa nje ya mji kwa ada ya dola 75 kwa mwaka. Nyumba ya mzee mmoja asiyelipa ilishika moto. Zimamoto walifika, lakini walikuja kulinda mali ya jirani aliyekuwa amelipa. Mzee akasema atalipa gharama yoyote itakayohitajika. Wakakataa. Nyumba iliungua hadi chini, gari la zimamoto likiwa pale pale.

Kihesabu, nawaelewa. Ukikubali watu walipe siku ya moto tu, hakuna atakayelipa siku ambazo hakuna moto, na ile pesa ya kununua gari itatoka wapi? Yule mzee naye alikuwa na wajibu wake wa kulipa. Lakini nikijaribu kujiweka pale, nimeshika mpira wenye maji, natazama, kuna kitu moyoni kinakataa. Mkataba una mpaka, na mpaka wake ni jina lililo kwenye stakabadhi. Yule Msamaria wa Luka 10 hakuuliza aliyelala barabarani ni mwanachama wa wapi. Na angalia alichofanya mwishoni: alimwambia mwenye nyumba ya wageni amtunze, na kwamba atakaporudi atalipa kitakachozidi. Hakuna aliyemdai hata senti. Alijiwekea deni yeye mwenyewe, kwa neno lake.

Hapo ndipo ninapolala, wapendwa. Deni la anayejitolea si deni la mkataba, kwamba nimelipwa basi nafanya. Wala si utumwa, kwamba sina mlango wa kutoka. Ni deni la neno. Unaliingia ukiwa huru, na unaweza kulitoka ukiwa huru, mradi useme unatoka, mchana, mbele ya watu, ili mwingine ashike nafasi. Dhambi haiko kwenye kusema hapana. Ile habari ya wana wawili katika Mathayo 21 ni ya ajabu: baba aliwatuma shambani, mmoja akakataa halafu akaenda, mwingine akaitika vizuri kwa heshima, asiende. Bwana Yesu aliuliza ni nani aliyetenda mapenzi ya baba, na hata wapinzani wake walijua jibu. Lile "hapana" lilipata toba. Lile "naenda" ndilo liliacha shamba bila mtu, na baba ameketi nyumbani akidhani kazi inaendelea.

Na mtu mmoja hawezi kukesha kila usiku. Nehemia alilijua hilo. Ukuta ulikuwa mrefu na watu wametawanyika, kwa hivyo nusu walijenga na nusu walishika mikuki, na mpiga baragumu alikaa karibu naye, ili popote sauti itakaposikika watu wakusanyike hapo. Zamu na king'ora. Wazima moto wa Pennsylvania wangemwelewa vizuri sana. Kwao pia kundi moja lisipopata watu wa kutosha, la mji jirani linaitwa. Mtu aliyechoka anajulikana kuwa amechoka, na moto haungoji kujua hilo.

Kwa hivyo tumekubaliana na wazee wa kanisa mambo haya. Ile karatasi nimeitoa ubaoni. Jumapili hii baada ya ibada ya pili itawekwa mpya. Hatutaandika tena "saa yoyote". Tutaandika zamu: watu wawili kwa wiki, na ukiwa zamu simu yako haizimwi wala hailazwi kifudifudi. Ukipata dharura, unampigia wa kukushikia zamu kabla ya jua kuzama. Kanisa litaweka mafuta, na tutatafuta mtu wa kutufundisha huduma ya kwanza, ili tusiwe tunabeba wagonjwa kama magunia. Kila miezi mitatu orodha itasomwa upya, na kila mmoja ataulizwa kama bado yuko. Kuondoa jina hakuna aibu. Atakayeondoa jina lake kwa ukweli amewasaidia wagonjwa wetu kuliko atakayeliacha kwa kuona haya.

Walio katika kwaya, walinzi wa magari, walimu wa watoto, wapishi wa mazishi, swali ni hilo hilo kwenu. Kuna mtu mahali anayekuhesabu. Mjue ni nani. Kisha umwambie ukweli.

Jina langu nimeliandika tena, zamu ya kwanza. Safari hii niliongea na mke wangu kabla, kwa sababu simu ikilia saa nane naye anaamka. Nilipompelekea yule mama namba mpya, aliniangalia akaniuliza, "Hii ni ya kweli, Pasta?" Nikamwambia ni ya kweli.

Juzi, saa tisa usiku, simu ikalia. Nilipoona jina lake niliruka, nikatafuta funguo gizani, nikapokea nikihema. Akasema, "Hapana, Pasta, hakuna shida. Nilikuwa najaribu tu." Akakata.

Tuombe: Bwana, tupe kusema hapana yetu kwa ukweli, na ndiyo yetu tuamke nayo usiku. Amina.